Mkono Ulioachwa Macho

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Usingizi aliwalaza watu wasiotaka kulala na kuwaamsha watu wasiotaka kuamka, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumshukuru. Hakulalamika. Mgonjwa humkumbuka mpasuaji, humkumbuka hata aliyemletea chai wodini, lakini yule aliyekaa kichwani pake saa nne akihesabu pumzi zake hamjui, maana muda wote huo yeye mgonjwa hakuwepo. Ndivyo watu wasemavyo: hakuwepo. Bi Usingizi alikuwa muuguzi wa dawa za usingizi, na neno hilo lilimkera kama kijiwe kwenye kiatu.

Ugomvi wake na neno hilo ulianzia nyumbani. Kaka yake mkubwa, ambaye ukoo mzima ulimwita Profesa hata kabla hajaupata uprofesa, alikula mshahara miaka arobaini kwa kulifundisha. Alikuwa mwanafalsafa, na falsafa yake ukiikamua linabaki tone moja: ndani ya kichwa cha mtu hamna mtu. Kuna nyumba, alisema, nyumba yenye taa na redio, na redio inasema "mimi, mimi", na majirani wanadhani mwenye nyumba yumo. Kumbe redio tu. Zilipokuja mashine za akili mnemba zinazoongea kama watu, wenzake chuoni walishikwa na homa, hawa wakidai zinajitambua, wale wakidai hazijitambui. Yeye alicheka mpaka akakohoa. Alisema mashine na yeye ni mtu na mdogo wake: nyumba mbili, redio mbili, wenyewe hakuna.

Mtu wa namna hiyo ukimpelekea habari mbaya hujui hata uiweke wapi. Daktari alipomweleza kwamba ana uvimbe kwenye utumbo, na kwamba moyo wake nao umechoka kiasi cha kuufanya upasuaji kuwa wa hatari, Profesa alimpa pole daktari. Kifo, alimwambia, ni redio kuzimwa, sasa nani atalia, redio? Hakuwa anajikaza. Bi Usingizi alimjua kaka yake ndani nje, na alimwona kabisa kwamba anaamini. Alikuwa bachela wa miaka sitini na miwili, amejaza nyumba vitabu mpaka bafuni, na alikuwa anakwenda kwenye kisu kama anakwenda kunyoa.

Alitaka kitu kimoja tu: mdogo wake akae kichwani. Kanuni ya hospitali inakataza mtu kumhudumia ndugu yake, na kanuni hiyo ina akili. Profesa alimwandikia mganga mkuu barua ya kurasa nne yenye tanbihi chini ya kila ukurasa. Inasemekana mganga mkuu alikubali ili asiletewe ukurasa wa tano. Aliweka sharti moja, kwamba Bi Usingizi atakaa kichwani lakini uamuzi wote wa dawa utakuwa wa daktari wa usingizi, mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye mikono ya haraka, na wa mashine mpya.

Mashine hiyo ilikuwa na miezi minane pale. Unabandika vipande vyake kwenye paji la uso wa mgonjwa, inasoma mawimbi ya ubongo, kisha inaonyesha namba. Mia ni macho kabisa. Chini ya sitini mtu amelala. Sifuri ubongo umenyamaza. Ilifundishwa kwa usingizi wa wagonjwa laki kadhaa, na iliendesha pampu ya dawa yenyewe, ikiongeza tone hapa na kupunguza tone pale. Bi Usingizi hakuichukia. Haikusinzia, haikuomba likizo, haikusengenya. Ila alikuwa na kazi yake moja ya kizamani ambayo hakuiacha.

Kazi yenyewe alifundishwa na muuguzi aliyemtangulia. Mtu anayepasuliwa tumbo hupewa dawa mbili: ya kumlaza, na ya kulegeza misuli ili asijitikise. Hapo ndipo penye balaa, kwa sababu ile ya kwanza ikipungua na ya pili ikabaki, mtu anaweza kuwa macho ndani ya mwili usioweza hata kukunja kidole. Basi kabla ya dawa ya kulegeza, unamfunga mgonjwa mkanda wa kupimia presha kwenye mkono mmoja na kuujaza upepo mpaka damu isipite. Dawa inazunguka mwili mzima, mkono ule haufikiwi. Unabaki huru kwa dakika kama ishirini, baada ya hapo lazima uufungulie mkono usije ukafa ganzi. Katika dakika hizo Bi Usingizi alikuwa akiinama kila baada ya muda na kumwambia mgonjwa sikioni, "Kama unanisikia, nifinye." Wenzake walimtania kwamba anapiga soga na maiti. Ni kweli kwamba mara nyingi mkono ulikaa kimya.

Mchana, siku moja kabla ya upasuaji, alimweleza kaka yake kwamba na yeye ataachiwa mkono. Profesa alifurahi kama aliyeletewa zawadi. Alimkumbusha kwamba maumivu yasiyokumbukwa hayana mwenyewe, kama vile barua isiyoandikwa jina.

"Niachie," alisema. "Lakini utakuwa unabisha hodi kwenye nyumba ya maonyesho. Nikiamka kesho sikumbuki kitu, umeshindwa. Sawa?"

"Nitabisha hivyo hivyo," alijibu Bi Usingizi, akamnyang'anya chumvi aliyokatazwa.

Asubuhi ya siku hiyo Profesa alilala kwenye meza nyembamba chini ya taa kubwa, akatazama vipande vilivyobandikwa kwenye paji la uso wake kupitia kwenye kioo cha taa, akasema vinampendeza. Dawa nyeupe ilipoanza kuingia mshipani alimtazama mdogo wake kinyumenyume, maana yeye alikuwa kichwani. Akamwambia kwaheri ya kuonana, kama yupo wa kuonana. Kisha kope zikashuka. Bi Usingizi aliujaza upepo mkanda wa mkono wa kulia, daktari wa usingizi akaingiza dawa ya kulegeza, mpira wa kupumulia ukashuka kooni, na namba ya mashine ikateremka taratibu mpaka arobaini na moja. Mpasuaji aliomba kisu.

Mara ya kwanza alipoinama na kumwambia amfinye, mkono ulilala kama glavu. Mara ya pili, dakika chache baada ya tumbo kufunguliwa, ulimfinya.

Aliitazama mashine. Arobaini na tatu. Akainama tena, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile, na mkono ukamfinya tena.

"Amenifinya," alisema.

Daktari wa usingizi alitazama namba, halafu presha, halafu namba tena. Mashine ilisema mtu huyu amelala fofofo. Presha nayo ilisema mtu huyu hana nguvu za kuongezewa dawa. Ilikuwa imeshuka tayari, na moyo ule uliochoka ungeweza kusimama kwa tone la ziada. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yenyewe. Ukiongeza dawa na mkono unashtuka tu, umemuua mtu aliyelala salama. Usipoongeza na mwenyewe yumo, unamkata mtu aliye macho. Mpasuaji alishikilia kisu juu, akauliza aendelee au asimame, akaambiwa asubiri.

"Mama," alisema daktari wa usingizi, bila dharau hata kidogo, "misuli hushtuka, wewe unajua kuliko mimi. Na huyu ni kaka yako. Sijui unachokisikia ni mkono au ni udugu. Nipe kitu ninachoweza kukishika."

Alisema haki, na Bi Usingizi alijua kwamba amesema haki, ndiyo maana alimchukia kwa nusu dakika nzima. Mkanda ulikuwa umefika dakika ya kumi na tatu. Alimwambia daktari aweke vidole vyake kwenye kiganja cha mgonjwa, pamoja na vyake, akainama sikioni. Hakuwa ameandaa swali. Lililokuja mdomoni ndilo alilouliza.

"Kaka, Mama alituzaa wangapi? Nihesabie."

Mkono ulifinya. Ukaachia. Ukafinya. Daktari alihesabu kwa macho, bila kutoa sauti. Tatu. Nne. Tano. Hapo ukatulia, na daktari akamtazama Bi Usingizi kumuuliza kama ndivyo, na yeye akafungua mdomo nyuma ya barakoa kusema ndiyo, watano, kama alivyosema maisha yake yote kwa walimu, kwa makarani, kwa wachumba. Kabla neno halijatoka mkono ulifinya mara ya sita, polepole, kwa nguvu kuliko zote.

Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. "Sita," alisema. "Ni sita. Ongeza dawa."

Daktari wa usingizi aliinyang'anya mashine pampu. Akaongeza dawa ya kulaza kwa mkono mmoja na ya kupandisha presha kwa mkono wa pili, kidogo kidogo, kama mtu anayepita kwenye ubao mwembamba. Presha ilianguka, ikaanguka tena, ikasimama mahali ambapo kila mmoja mle chumbani aliacha kupumua, kisha ikaanza kupanda. Bi Usingizi alikuwa bado ameinama, akisema sikioni, "Unalala sasa. Nipo. Unalala." Alipouliza tena, mkono ulikuwa umenyamaza. Akafungua mkanda, mpasuaji akaendelea.

Sasa hiyo sita. Watoto waliokua nyumbani kwao walikuwa watano, na hesabu ya ukoo ilikuwa tano. Lakini mwishoni alizaliwa msichana aliyeishi siku tatu. Profesa alikuwa na miaka tisa, Bi Usingizi sita. Baba aliporudi makaburini alisema, watoto wetu ni watano, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyehesabu vingine, wala mama. Miaka mingi baadaye Profesa aliandika katika kitabu chake kikubwa kwamba mtoto wa siku tatu hajawa mtu bado, ni nyumba ambayo mwenyewe hajahamia. Bi Usingizi aliusoma ukurasa ule katika chumba cha wauguzi, akafunga kitabu, na hakuongea na kaka yake miezi minne. Profesa hakujua kosa lake. Alidhani amesahau siku ya kuzaliwa ya mtu.

Mpasuaji alipovua glavu hakuleta habari nzuri. Sehemu ya uvimbe alikuwa ameitoa, sehemu nyingine ilikuwa imeshika mahali pasipokatika. Profesa angeamka, angekula, angerudi nyumbani kwake kwenye vitabu, lakini mwaka usingeisha naye.

Basi fikiria mzigo aliokwenda nao wodini kesho yake. Kaka yake alikuwa anakwenda kufa bila woga, na kutokuogopa kwake kumesimama juu ya jambo moja, kwamba hamna mtu ndani. Yeye alikuwa na neno la kuling'oa jambo hilo. Akilisema, anamvua mgonjwa nguo yake pekee wakati wa baridi. Akilinyamazia, anamdanganya mtu ambaye hakuwahi kumdanganya, hata pale alipotamani adanganywe. Njia nzima ya ukumbini aliuandaa uongo. Ulikuwa mfupi, wa kawaida: mkono ulikaa kimya, Kaka, umeshinda.

Alimkuta amekaa kitako, ameegemea mito, sauti imechanika kwa ajili ya ule mpira, uso unang'aa kwa ushindi. Hata kabla hajasalimiwa alitangaza kwamba hakumbuki chochote. Kope zilishuka, kope zikapanda, katikati hakuna kitu, hata giza hakuna. Akauliza, je, mkono?

Uongo ulimkwama Bi Usingizi mahali pale pale ulipokwama mpira wa kaka yake. "Ulinijibu," alisema.

Profesa alitabasamu kwa huruma na kuanza kumweleza habari za misuli na mishipa ya fahamu. Bi Usingizi alimwacha amalize, kama mtu anavyoacha mvua ipite. Halafu akamwambia kwamba alimuuliza mama yao alizaa wangapi, na daktari wa usingizi akiwa shahidi, mkono ukahesabu.

"Tano," alisema Profesa.

"Sita."

Aligeuka akatazama ukuta. Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anakula chungwa, na Bi Usingizi akaanza kujilaumu. Profesa alipozungumza hakugeuka.

"Alikuwa na nywele nyingi sana," alisema. "Ile asubuhi ya tatu nilimbeba mimi. Mama alikuwa amelala. Alinitazama, nakwambia. Alinitazama mimi."

"Najua. Nilikuwa mlangoni."

Alilia, mzee mzima, akishikilia mshono wake kwa mikono miwili kwa sababu kulia kunauma. Bi Usingizi naye alilia, na hawakuoneana haya. Kisha Profesa akafanya jambo ambalo dada yake hakulitegemea. Alicheka. Alisema kwamba miaka arobaini amewaomba wanafunzi na maprofesa wenzake wampige kwa hoja aanguke, wote wameshindwa, kumbe mpinzani wake alikuwa amemning'iniza begani. Alitaka aelezwe kila kitu tangu mwanzo, dakika kwa dakika, namba ya mashine ilikuwa ngapi, kidole gani kilianza. Alipewa kalamu akaandika. Macho yalikuwa mekundu, lakini kalamu ilikwenda kama ya kijana.

"Yule aliyehesabu," alisema, "mimi simjui. Sina kumbukumbu naye hata moja. Lakini alikuwepo, na alikuwa mkweli kuliko mimi."

Bi Usingizi aliona hapo pana nafasi ya kuisema mashine, akaisema. Ilisema umelala, alimwambia, laki zote zile za wagonjwa na bado ikakosea.

Profesa aliinua kalamu. "Kukosea si ushahidi. Mimi nimekosea miaka arobaini, na nilikuwemo." Akafikiri. "Wewe uliniachia mkono. Ile mashine, nani ameiachia? Mimi nilisema mle hamna mtu, wewe unasema hamna mtu, na hakuna kati yetu aliyepata njia ya kubisha hodi. Mimi sitasema tena hamna mtu mahali popote, mpaka nibishe."

Bi Usingizi alimnyoshea shuka. Alimwekea mto vizuri. Ndipo Profesa akamuuliza mpasuaji alisema nini, akaambiwa yote, na safari hii hakumpa mtu pole.

"Sasa naogopa," alisema, kwa mshangao zaidi kuliko huzuni. "Kama mwenye nyumba yumo, basi yupo wa kufa."

"Karibu. Sisi wengine tumekuwa humu siku nyingi."

Alicheka tena, akaushika mshono, akamwomba asimchekeshe. Halafu akaomba jambo moja kwa utaratibu wote, kama anayeandika wosia. Siku yake ikifika, watakuja watu na kusema hasikii tena. Watakuwa na namba. Asiwaamini kabla ya wakati. Akae kichwani, aongee. Bi Usingizi akauliza aongee nini.

"Chochote. Hata uongo, mradi uwe wetu. Sitakumbuka, najua. Lakini nitakuwepo, na sitaki kuwa peke yangu."

Ilipita miezi mitano. Katika miezi hiyo Profesa aliuandika upya ule ukurasa wa kitabu chake, akagombana na mchapishaji, akashinda. Kila karani aliyemletea fomu aliambiwa kwamba kwao wamezaliwa sita. Aliogopa baadhi ya siku na kusema kwamba anaogopa, kisha akaomba chai.

Asubuhi ya siku yake ilikuwa ya jua, saa nne, madirisha ya wodi yamefunguliwa na mtu anadeki ukumbini. Bi Usingizi alikuwa kichwani. Daktari wa usingizi, ambaye hakuwa zamu, alikuja mwenyewe na mashine yake akaibandika, maana Profesa alimwomba hivyo kwa maandishi, afanyiwe jaribio mpaka mwisho. Bi Usingizi alikuwa akisimulia siku ambayo mama yao alimfukuza mkaguzi wa shule kwa ufagio akidhani ni mwizi wa kuku, na Profesa mwenyewe, wakati huo darasa la tatu, amejificha chini ya meza kwa furaha.

Namba ilishuka hadithi ikiwa katikati. Ilifika kumi, ikafika tatu, ikafika sifuri ikakaa. Daktari alingoja dakika kadhaa, akasikiliza kifua, kisha akamgusa Bi Usingizi begani na kumwambia kwa upole kwamba imetosha, hasikii tena.

Bi Usingizi aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Lakini mkaguzi alikuwa ndiyo kwanza anafika uani, na ufagio uko nyuma yake, na hadithi haiachwi njiani. Aliendelea, kwa sauti ile ile, karibu na sikio, mpaka mkaguzi aliporuka mtaro na kuacha kiatu kimoja, mpaka mama alipokiokota na kugundua ni kiatu cha serikali, mpaka wote sita walipocheka, na yule wa siku tatu akicheka nao. Hapo ndipo alipovibandua vile vipande kwenye paji la uso wa kaka yake, kimoja kimoja, taratibu, asije akamuumiza.